Jeti kuukuu chini ya Mlima Meru: Hesabu ya rubani kabla ya kuruka

NDEGE ndogo za jeti, zile zinazobeba viongozi, wafanyabiashara, watalii wenye uwezo na wagonjwa wanaokimbizwa kwenye hospitali za mbali, si ngeni katika anga la Arusha. Wakazi wa kata za katikati ya jiji, ikiwamo Levolosi, hutambua mlio wake: ngurumo kali inayopita upesi, tofauti na mlio wa ndege za pangaboi zinazokwenda na kurudi Serengeti.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba baadhi ya jeti za aina hiyo zinazoendelea kuruka duniani ziliundwa katika miaka ya 1970 na 1980. Ndege ya umri huo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ndege mpya, na kwa mfanyabiashara wa ndege za kukodi unafuu huo ni kishawishi kikubwa.

Umri peke yake hauiangushi ndege. Ndege hukaguliwa kwa saa ilizoruka, kwa idadi ya safari na kwa miaka, na kipuri kilichofikia ukomo wake hubadilishwa hata kama bado kinafanya kazi. Lakini jeti kuukuu inapokutana na uwanja ulio juu, hewa ya joto na mlima mrefu, akiba ya nguvu iliyokuwa nayo pwani hupungua sana. Hapo ndipo uzoefu wa rubani hupimwa, na mara nyingi hupimwa kabla injini hazijawashwa.

Kizazi cha kwanza

Jeti za wafanyabiashara zilishamiri katika miaka ya 1960. Nchini Uingereza, ndege ya de Havilland 125, ambayo baadaye ilijulikana kama Hawker Siddeley 125, iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 13, 1962. Nchini Marekani, Learjet 23 iliruka Oktoba 7, 1963, Gulfstream II Oktoba 2, 1966, na Cessna Citation Septemba 15, 1969.

Kila moja ilikuwa na tabia yake, na marubani waliozirusha huzizungumzia kama wafugaji wanavyozungumzia farasi.

Learjet za mwanzo zilitumia injini za General Electric CJ610, zilizotokana na injini ya J85 ya ndege za kijeshi. Zilipanda angani kama mshale, lakini hazikumsamehe rubani mzembe. Matangi ya mafuta yaliyofungwa kwenye ncha za mabawa yalipaswa kuwa na uzito unaolingana. Tofauti ilipozidi, ndege ililalia upande mmoja na rubani alilazimika kupambana na usukani. Learjet 23 zaidi ya 100 ziliundwa, na ajali za miaka yake ya mwanzo ziliifanya iogopwe, hasa na waliohamia humo moja kwa moja kutoka kwenye ndege za pangaboi.

Citation ilikuwa kinyume chake. Ilikuwa na mabawa yaliyonyooka, injini za JT15D za Pratt & Whitney Canada, na mwendo wa kutua ulio mdogo. Iliweza kutumia viwanja vifupi ambavyo Learjet haikuvithubutu. Marubani wa ndege zenye kasi waliitania kwamba hata mwewe angeweza kuigonga kwa nyuma. Utani huo haukuizuia kuuzwa kwa wingi, kwa sababu upole wake ulikuwa ndio faida yake.

Gulfstream II ilikuwa jitu miongoni mwa hizo. Injini zake mbili za Rolls-Royce Spey ni za jamii moja na zile za ndege ya abiria ya Fokker F28. Ilikwenda mbali, lakini ilikunywa mafuta mengi na kelele zake zilijulikana.

Hewa inayopungua

Uwanja wa Ndege wa Arusha uko Kisongo, magharibi mwa jiji, katika mwinuko wa mita 1,387 kutoka usawa wa bahari, sawa na futi 4,550. Kwa miaka mingi barabara yake ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita 1,620, kabla ya kurefushwa kufikia mita 1,840.

Wataalamu wa usafiri wa anga hupima uwezo wa ndege kwa kuilinganisha hewa halisi na hewa ya kipimo cha kimataifa. Kwa kipimo hicho, uwanja ulio kwenye mwinuko wa Arusha ungepaswa kuwa na nyuzi joto 6 hivi. Mchana wa Februari, joto linapofika nyuzi 28, hewa hutanuka na kuwa nyepesi kiasi kwamba ndege huruka kana kwamba iko kwenye mwinuko wa mita 2,190 hivi.

Maana yake ni kwamba uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo ni pungufu kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na pwani. Upungufu huo huigusa ndege mara tatu. Injini hupata hewa kidogo ya kuchoma mafuta, hivyo nguvu ya msukumo hushuka. Mabawa hupata hewa kidogo ya kuyabeba, hivyo ndege hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Na inapotua, hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko ile inayoonyeshwa na saa ya mwendo.

Rubani anayetua huku saa yake ikionyesha noti 120 atakuwa anaikimbilia ardhi kwa noti 134 hivi, takriban kilomita 247 kwa saa. Ongezeko hilo la asilimia 11 linaonekana dogo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa karibu robo nzima. Kwa jeti za zamani ambazo hazikufungiwa mitambo ya kugeuza msukumo wa injini, mzigo wote huo huangukia breki na matairi.

Ndiyo maana saa ya kuondoka ni jambo la usalama pia. Saa 12 asubuhi, joto likiwa nyuzi 15, ndege ileile katika uwanja uleule huruka kana kwamba iko kwenye mwinuko wa mita 1,720 hivi. Kati ya alfajiri na saa 8 mchana, uwanja "hupanda" kwa zaidi ya mita 450 bila kusogea.

Hesabu ya sekunde chache

Kabla ya kila safari, rubani wa jeti hutafuta kwenye vitabu vya ndege yake mwendo unaoitwa kasi ya uamuzi. Injini moja ikizimika kabla ya kufikia kasi hiyo, atafunga breki na barabara iliyobaki itatosha kusimama. Ikizimika baada ya hapo, ataendelea kuruka kwa injini moja, kwa kuwa barabara haitoshi tena.

Kwa hiyo urefu wa barabara unaotakiwa ni ule unaoruhusu yote mawili, yaani kusimama au kuruka kwa injini moja. Urefu wa kuruka tu siku ambayo mambo yote ni mazuri hautoshi. Learjet 35 ya miaka ya 1970, ikiwa imejaa, huhitaji takriban mita 1,500 kwenye usawa wa bahari katika siku ya baridi ya wastani. Ukiipandisha hadi Kisongo mchana wa jua, hitaji hilo hupita urefu wa barabara iliyopo.

Rubani mwenye busara hana njia ila kupunguza uzito. Huacha abiria, huacha mizigo, au huacha mafuta. Njia ya tatu ndiyo rahisi zaidi kwa Arusha, kwa sababu Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, uko kilomita 50 hivi mashariki. Ndege inaweza kuondoka Kisongo ikiwa nyepesi, ikajaza mafuta KIA, kisha ikaanza safari ndefu.

KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, uko mita 894 kutoka usawa wa bahari na una barabara ya takriban mita 3,600, karibu mara mbili ya ile ya Arusha. Kwa jeti kuukuu yenye njaa ya barabara, tofauti hiyo ni kubwa kuliko usumbufu wa abiria kuendeshwa kwa gari kwa muda wa saa moja.

Tofauti ya viwanja hivyo viwili ilionekana wazi Desemba 18, 2013, wakati ndege kubwa ya abiria aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyokuwa ikitarajiwa KIA, ilipotua Kisongo. Barabara ilikuwa bado ni ya mita 1,620. Ndege iliishia kwenye majani na magurudumu yake yakazama katika udongo laini. Hakuna aliyeumia. Ili kuiondoa, ilibidi ipunguzwe uzito kwanza ndipo irushwe.

Mlima usioonekana

Kilele cha Mlima Meru, chenye mita 4,566, kiko chini ya kilomita 20 kaskazini mashariki mwa Uwanja wa Arusha. Kinapita uwanja huo kwa zaidi ya mita 3,000. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, uko kilomita 50 hivi kaskazini mashariki mwa KIA. Rubani anayeingia KIA hupita katika anga lenye majitu mawili, moja kila upande.

Ndege inayoruka Kisongo kuelekea mashariki hulikabili jiji, huku Meru ukiwa kushoto. Jeti yenye injini mbili nzima hupita hapo bila shida. Jeti hiyo hiyo ikiwa na injini moja, katika hewa nyepesi, hupanda kwa unyonge, na rubani lazima awe ameshaamua mapema atageukia wapi. Ardhi hushuka upande wa kusini. Huko ndiko usalama uliko, na si mahali pa kuanza kupatafuta wakati kengele za hatari zinalia.

Kwa wakazi wa jiji, hiyo ndiyo maana halisi ya hesabu iliyotajwa hapo juu. Kilo mia kadhaa za mafuta zilizoachwa uwanjani huamua kama ndege yenye hitilafu itapita juu ya mapaa ikiwa na nafasi ya kutosha au itapita ikiwa na nafasi finyu.

Historia ya eneo hili inafundisha kwamba mlima huwa hatari zaidi unapofunikwa na mawingu. Mei 18, 1955, ndege aina ya DC-3 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro upande wa Mawenzi, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Septemba 1999, ndege ndogo ya pangaboi iliyokuwa imebeba watalii kutoka Serengeti iligonga mteremko wa Meru na kuua watu 12.

Ndege hizo hazikuwa jeti. Hata hivyo, somo lake linazihusu jeti za zamani moja kwa moja, kwa kuwa nazo ziliundwa kabla ya vifaa vya satelaiti na kabla ya mitambo ya kisasa inayomwonya rubani kwamba kuna ardhi mbele. Mitambo hiyo huweza kufungwa baadaye, lakini hugharimu fedha nyingi, na ndege yenyewe ilinunuliwa kwa sababu ni ya bei nafuu.

Upande wa ardhini mambo yameboreka. Mradi wa rada nne za kiraia ulioanza mwaka 2017 uliihusu KIA pamoja na Dar es Salaam, Mwanza na Songwe. Kabla ya hapo, waongoza ndege wa KIA walitegemea zaidi taarifa za redio ambazo marubani wenyewe walizitoa kuhusu mahali walipo.

Ndani ya chumba cha rubani

Katika jeti mpya, kompyuta huwasha injini, hupima joto lake na kuizuia isizidi kipimo. Katika jeti ya mwaka 1975, kazi hiyo ni ya mkono na jicho. Mbele ya rubani kuna safu za saa za mishale, na kila mshale una habari yake.

Kuwasha injini katika uwanja ulio juu ni mtihani wa kwanza. Betri ikiwa dhaifu na hewa ikiwa nyepesi, injini huzunguka polepole huku mafuta yakiwaka, na joto hupanda upesi. Rubani ana sekunde chache za kukata mafuta kabla tabini haijaungua. Kosa hilo dogo huweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya ndege nzima.

Mtihani wa pili ni hewa ya ndani. Jeti huruka juu ambako binadamu hawezi kuishi bila hewa iliyoshindiliwa, na mipira ya milango, vali na mabomba ya kazi hiyo huchakaa kwa umri. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Oktoba 25, 1999 nchini Marekani, wakati Learjet 35 iliyokuwa imembeba mchezaji gofu mashuhuri, Payne Stewart, ilipoteza hewa ya ndani baada ya kuondoka Orlando. Iliendelea kuruka yenyewe kwa saa kadhaa hadi ilipoishiwa mafuta na kuanguka Dakota Kusini. Watu wote sita walikufa. Wachunguzi hawakuweza kubaini chanzo cha hewa kupotea.

Marubani wa jeti kuukuu hujifunza kutokana na hayo kutoidharau kengele yoyote. Kinyago cha oksijeni huvaliwa kwanza, na maswali hufuata baadaye.

Mtihani wa tatu ni mafunzo. Mashine za kuigiza urukaji wa ndege za zamani zimebaki chache duniani, na rubani hulazimika kusafiri mbali ili kufanya mazoezi ya dharura ambazo hazifai kujaribiwa angani.

Sheria zilizozipunguza

Jeti nyingi za kizazi cha kwanza hazikuondolewa angani na kutu bali na kanuni. Septemba 25, 2008, Afrika ilianza kutumia utaratibu wa kupunguza nafasi ya juu na chini kati ya ndege na ndege, kati ya futi 29,000 na 41,000. Ndege isiyokuwa na vipima mwinuko sahihi vilivyoidhinishwa haikuruhusiwa kusafiri kwa kawaida katika tabaka hilo.

Kwa injini za zamani adhabu hiyo ni nzito. Zikibanwa chini ya futi 29,000, hunywa mafuta mengi zaidi, na safari iliyowezekana bila kusimama huhitaji kituo cha kujaza mafuta katikati.

Nchini Marekani, sheria ya kelele iliyoanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2016 ilizifungia jeti ndogo zisizotimiza kiwango, zikiwamo Gulfstream II na Learjet za mwanzo ambazo hazikufungiwa vifaa vya kupunguza kelele. Thamani yake ilishuka, na nyingi zilikatwakatwa kwa ajili ya vipuri.

Ndege za Serikali na madaktari

Tanzania yenyewe ina uzoefu wa kutunza jeti ya zamani. Fokker F28 ya Serikali yenye usajili 5H-CCM, iliyoundwa mwaka 1978, ilihudumia viongozi kwa zaidi ya miongo mitatu, hata baada ya kampuni iliyoiunda kufilisika mwaka 1996. Ingawa F28 ni ndege ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya viongozi, inafaa viwanja vya nchi hii kwa sababu ilibuniwa kwa barabara fupi. Haina mitambo ya kugeuza msukumo wa injini. Badala yake ina breki ya hewa inayofunguka mkiani kama maua.

Ununuzi wa ndege mpya ya Rais aina ya Gulfstream G550, katika miaka ya 2000, ulizua mjadala mkali kuhusu gharama. Mjadala huo ulisahau mara nyingi upande wa pili wa mizani: ndege ya zamani haina bei kubwa ya kununua, lakini ina bei ya kila siku ya mafuta, vipuri na mafundi.

Katika nchi jirani ya Kenya, Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko juu zaidi kuliko Arusha, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na barabara zake ni fupi. Huko, Citation za aina ya Bravo, zilizotokana na ile ya mwaka 1969, zimetumika kwa miaka mingi kusafirisha wagonjwa. Huduma ya madaktari wa ndege, iliyozaa shirika la AMREF mwaka 1957, ilibuniwa na madaktari watatu chini ya Mlima Kilimanjaro. Uchaguzi wa Citation mahali pa ndege yenye kasi kubwa unaonyesha jinsi mazingira yanavyochagua ndege kabla ya mnunuzi.

Mteja aulize nini

Mzigo mzito kuliko yote kwa rubani wa ndege ya kukodi mara nyingi hutoka kwa abiria. Mgonjwa yuko taabani, mkutano umekwisha kuanza, au mheshimiwa hataki kuendeshwa hadi KIA. Rubani akikubali kubeba zaidi ya kile vitabu vinachoruhusu, huwa ameitumia akiba ambayo iliwekwa kwa ajili ya siku injini itakapozimika.

Anayekodi jeti ana haki ya kuuliza mambo machache. Je, mwendeshaji ana cheti cha kubeba abiria kwa malipo, kinachotolewa au kutambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA? Je, kuna marubani wawili? Learjet, Hawker na Gulfstream zote huhitaji wawili, ingawa Citation 501 iliidhinishwa kurushwa na mmoja. Je, ndege inaruhusiwa kuruka juu ya futi 29,000? Na je, kwa joto la saa hiyo, itaondoka Kisongo na uzito gani?

Mwendeshaji anayejibu swali hilo la mwisho kwa tarakimu amefanya hesabu yake. Anayejibu kwamba ndege yake haijawahi kushindwa hajaifanya. Na rubani anayewaomba abiria wake wasubiri hadi alfajiri, au waende kupandia KIA, hapaswi kuonekana mwoga. Waswahili walikwisha kusema: kawia ufike.